Sekunde 20

Daktari wa meno amechonga uozo, amekausha tundu, amepaka asidi na kuisuuza, amepaka gundi. Sasa anaweka dawa nyeupe, laini kama unga uliokandwa, na kuisogezea taa ya bluu. Sekunde 20. Kilichokuwa laini kimekuwa kigumu. Unapewa kioo, unajitazama, unashukuru, unalipa.

Dawa hiyo huitwa kompositi, na kwa muundo wake ni ndugu wa zege: punje ndogo mno za kioo zilizoshikwa na utomvu wa maabara, ambao Mmarekani Rafael Bowen aliupatia hataza mwaka 1962. Mwanga wa nanomita 470 hivi huamsha kemikali iliyomo, na molekuli zikaanza kushikana. Lakini mwanga hufifia kadiri unavyozama. Ndiyo maana kwa kompositi ya kawaida daktari makini hashindilii tundu zima kwa mkupuo. Huweka tabaka la kama milimita 2, akalimulika, kisha jingine.

Tatizo ni kwamba taa huchoka. Huzeeka, na ncha yake huganda mabaki ya utomvu. Kwa macho, taa dhaifu ni ya bluu vilevile. Kijazo kitakauka juu na kugonga kama jiwe, huku chini kimebaki na ulaini. Mgonjwa haoni, na daktari haoni. Siku ukingo ukiachia na jino likaoza kwa chini, unarudi na kuulizwa: unapenda pipi, eh?

Nani amekosa? Jibu jepesi ni kwamba hakuna, maana hakuna aliyejua. Silikubali. Kipo kifaa kidogo cha kupima nguvu ya taa: unaweka ncha, unasoma namba, basi. Kutojua kunakoondoka kwa urahisi namna hiyo nakuita uamuzi.

Fundi ujenzi akipunja saruji, tofali litamsaliti mkononi mwa mwenye nyumba. Zege lisipomwagiliwa maji, nyufa zitasema. Kinywani hakuna jirani wa kupita na kuchungulia. Isitoshe, kazi mbovu ina wa kusingiziwa, na kinachonitatiza ni kuwa kisingizio chenyewe mara nyingi ni kweli. Anayeshinda na soda ataharibu hata kijazo kilichowekwa kwa ustadi wote. Tundu likiwa kubwa, au mate yakipenya wakati wa kupaka gundi, matokeo ni hayohayo. Kwa hiyo jino moja lililoharibika haliwezi kutoa ushahidi dhidi ya yeyote. Ushahidi ungekuwa kwenye meno mia mbili ya kiti kimoja, yakihesabiwa kwa miaka. Nani anahesabu? Kompositi si dhaifu kiasi hicho: tafiti za muda mrefu za meno ya nyuma huonyesha vinavyoshindwa ni karibu asilimia 1 hadi 3 kwa mwaka. Ila wastani haukuambii wewe umekalia kiti gani.

Ile amalgamu ya rangi ya fedha, ambayo karibu nusu yake ni zebaki, huganda yenyewe, hata gizani. Ilivumilia unyevu, ikavumilia na haraka za watu. Sitamani irudi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulitaka matumizi yake yapunguzwe kwa sababu za msingi, na Umoja wa Ulaya umeizuia tangu Januari 2025, isipokuwa kwa mahitaji maalumu ya kitabibu. Lakini tumetoka kwenye dawa inayosamehe, tukaingia kwenye dawa inayomtegemea mtu afanye vizuri pale ambapo hatagunduliwa asipofanya.

Kwetu kumhoji daktari huonekana utovu wa adabu. Unaamkia, unafungua mdomo, na ukishaufungua huwezi kuuliza tena. Mimi huuliza kabla. Daktari mmoja alinijibu taa yake ni mpya. Mwingine, mama wa makamo, hakunijibu kitu. Alivuta droo, akatoa daftari la shule lenye safu tatu zilizopigwa kwa rula: tarehe, namba, sahihi. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Jumatatu ya wiki ileile.