Amani Huundwa kwa Mikono

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu asimamapo ufuoni akaliona jahazi likikata maji, huenda asimfikiri kamwe fundi aliyechagua mti, akaupasua mbao, akazitoboa kwa keekee na kuziba nyufa zake kwa kalafati. Huliona tanga, akausifu upepo. Ndivyo tulivyo wengi wetu juu ya amani. Tulalapo usiku bila ya hofu, na twendapo shuleni bila ya kuulizwa kabila, twadhani kwamba hali hiyo ilijileta yenyewe. Haikujileta. Iliundwa, na isipotunzwa hufumuka.

Basi, msomaji, pana swali ambalo napenda tulitazame pamoja. Je, kijana wa shule aweza kujifunza kazi ya kuunda amani? Na kama aweza, ataisomea wapi: katika vitabu na hotuba, au katika kuwatumikia watu?

Swali hili si la mchezo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ya Kenya ilishikwa na ghasia. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tarehe 28 Februari 2008 wakuu wa pande mbili walitia sahihi mapatano, na nchi ikapumua. Lakini wino wa wakuu hauwezi kumfanya mtu amwamkie jirani aliyemkimbia. Na jambo la kuhuzunisha ni kwamba wengi katika waliobeba marungu na viberiti walikuwa vijana, na wengi katika vijana hao walikuwa wamepita shuleni. Yamkini walipata kuandika insha njema juu ya umoja. Walijua neno, hawakujua kazi.

Kujua neno ni jambo moja, na kujua kazi ni jambo la pili. Hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kusikiliza sifa za bahari. Kadhalika subira, usikivu, kukiri kosa, na kushirikiana na mtu usiyempenda, si maarifa ya kukariri. Ni mazoea ya moyo, na mazoea hayaji ila kwa kutenda.

Chukua mfano huu. Wanafunzi wawili wamenuniana kwa sababu ya maneno waliyoyasikia makwao juu ya kabila la kila mmoja. Siku moja watumwa pamoja na wenzao kwenda kusafisha chemchemi ya kijiji iliyojaa matope. Mmoja ana sururu, wa pili ana karai. Mwenye sururu hawezi kuendelea mpaka mwenye karai aondoe udongo. Mwenye karai hana la kubeba mpaka mwenye sururu apige. Likitokea jiwe kubwa, hapana budi waliinue wote wawili, na hawawezi kuliinua mpaka wasemezane. Mwalimu hakuwahubiria, jiwe ndilo lililowahubiria. Jioni mama mzee ajapo na ndoo yake akateka maji safi, haulizi matope yaliondolewa na mtoto wa kabila gani. Huenda wawili hao wakarudi shuleni bado si marafiki. Lakini kila mmoja ameona kwamba mgongo wa mwenziwe huuma kama wake, na si rahisi kumchukia mtu ambaye umeyaona maumivu yake.

Jambo hili si ndoto. Mwaka 1959, wakati sheria za hali ya hatari zilikuwa hazijaondolewa, watu watatu walianzisha kituo cha kuwalea wavulana maskini wa mitaa ya Nairobi, nacho kikaitwa Starehe. Mmoja wao, Geoffrey Griffin, alikuwa amepata kuwa afisa wa jeshi la Waingereza katika vita vya Mau Mau. Mwingine, Joseph Gikubu, alikuwa amepata kuwekwa kizuizini katika vita hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa Geoffrey Geturo. Hawakungoja mpaka hesabu ya damu iishe ndipo washikane mikono. Njaa ya watoto iliwaita, nao wakaitika pamoja. Kisha wanafunzi wa Starehe nao wakazoezwa kujitolea katika hospitali, shule na ofisi za umma. Walioanza kwa kusaidiwa wakajifunza kusaidia.

Hapa mtu mwenye akili aweza kunipinga kwa hoja mbili. Kwanza atasema: utumishi wa kuamrishwa hauna wema. Mtaala mpya wa Kenya umeingiza mafunzo ya utumishi wa jamii katika shule za sekondari. Je, mwanafunzi anayefagia soko ili apate alama ni mpenda amani? Hoja hii ina haki yake. Lakini mazoea mengi mema huanza kwa amri. Ulipokuwa mdogo uliamrishwa kuwaamkia wazee, na leo wawaamkia kwa mapenzi yako. Amri yaweza kukufikisha mlangoni. Kuingia ni hiari yako. Nawe utajijua kuwa umeingia siku utakaporudi sokoni na ufagio wako ilhali hapana mtu wa kukupa alama.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Utumishi waweza kuwa kiburi kilichovaa kanzu ya wema, na amani yaweza kuwa jina zuri la kumnyamazisha aliyedhulumiwa. Kumpelekea mtu unga huku ukifumbia macho shamba lake lililonyang'anywa si kumpatanisha na mtu. Hili ni kweli, wala silipingi. Ndiyo maana mtumishi mwema huuliza kabla ya kutenda, na huanza penye dhuluma. Mapema katika miaka ya 1990 koo za Wajir zilipokuwa zikipigana, wanawake wa huko, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, walianza na soko. Walisimamia jambo moja tu: kwamba mwanamke wa ukoo wowote aweze kununua na kuuza bila ya kuonewa. Ulikuwa utumishi mdogo, lakini ulikuwa ni haki. Kutoka sokoni waliwaendea wazee, na mwaka 1993 wazee wa koo wakafanya mapatano. Aliyekwisha kutenda haki katika jambo dogo husikilizwa katika jambo kubwa.

Wala sikuahidi kwamba kila kazi itazaa haraka. Mwaka 1920 Pierre Cérésole, Mswisi, aliwaongoza watu wa kujitolea kwenda kujenga upya kijiji cha Esnes karibu na Verdun, nchini Ufaransa, kilichobomolewa na vita. Katika kundi lake walikuwamo Wajerumani, waliokuwa adui jana. Walijenga vibanda na kutengeneza njia. Lakini chuki ilikuwa mbichi, Wajerumani hawakukubaliwa, na baada ya miezi michache kundi likaondoka. Je, walishindwa? Siku ile, labda. Lakini kutokana na kundi lile kilitoka chama cha utumishi, Service Civil International, ambacho kingaliko hata leo. Mbegu haikatai kuota kwa kuwa mvua ya kwanza ilikuwa haba.

Basi, kijana msomaji, usingoje upewe cheo ndipo uwe mpatanishi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Itafute kazi moja inayowafaa watu wa mahali pako: kisima, njia, darasa la watoto wadogo, nyumba ya mkongwe asiye na mtu. Kisha mtafute mwenzi wa kazi hiyo, na usimchague rafiki yako. Mchague yule ambaye kwenu husemwa vibaya. Mpe upande mmoja wa mzigo, nawe ushike wa pili. Siku moja watu waovu watakuja kukuambia kwamba yeye ni adui yako, na siku hiyo nchi itauhitaji sana ushahidi wako.