Je, Akiba ya Kazini Yatosha kwa Uzee?

Wahenga walisema akiba haiozi. Hapa Uganda methali hiyo imekuwa sheria. Kila mwezi mfanyakazi wa sekta binafsi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake, mwajiri huongeza asilimia 10, na jumla ya asilimia 15 hupelekwa kwenye Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1985. Afikapo umri wa miaka 55, mfanyakazi hulipwa fedha zake zote kwa mkupuo pamoja na riba. Je, fedha hizo zinatosha kumtunza uzeeni? Na kama hazitoshi, nani alaumiwe? Swali la kwanza ni la hesabu. La pili ni la maadili, nalo ndilo gumu zaidi.

Tuanze na hesabu. Tumchukue mwalimu wa shule ya binafsi anayelipwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Yeye hukatwa shilingi 25,000, mwajiri huongeza 50,000, jumla 75,000. Kwa miaka 30 anapata shilingi 27,000,000, sawa na mishahara ya miezi 54, yaani miaka minne na nusu tu. Akiishi hadi miaka 75, atakuwa na miaka 20 ya kuishi bila mshahara.

Mtu anaweza kunipinga kwamba nimesahau riba, na hoja yake ni ya haki. Katika miaka ya karibuni mfuko umetoa riba ya asilimia 9 au zaidi kwa mwaka, na fedha zinazokaa miaka 30 bila kuguswa huongezeka mara kadhaa. Mtu aliyeajiriwa akiwa na miaka 25, asiyekosa kazi hata mwaka mmoja, ambaye mwajiri wake hupeleka mchango kila mwezi, anaweza kustaafu bila wasiwasi. Lakini mtu huyo ni nani? Shule zetu zilifungwa Machi 2020, na zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Walimu wengi wa shule za binafsi walikaa muda huo bila mshahara. Mwezi usio na mshahara hauna mchango, na mchango unaokosekana ujanani ndio ambao ungezaa riba kwa miaka mingi zaidi.

Tena, si kila mtu anaweza kuziacha fedha zake zikae. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mwanachama mwenye miaka 45 na aliyechangia kwa miaka 10 aweze kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Wapo waliosema kwamba Waganda hatuna subira, tunakula mbegu kabla ya msimu. Lakini jirani zetu Watanzania walionyesha moyo uleule kwa njia nyingine. Mwaka 2018 kanuni mpya ya kikokotoo ilipotaka mstaafu apewe asilimia 25 tu kwa mkupuo na nyingine alipwe kidogo kidogo kila mwezi, malalamiko yalikuwa makubwa hata Rais Magufuli akaisimamisha mwezi Desemba mwaka huohuo.

Mimi sioni ulafi katika jambo hili. Mtu wa miaka 45 ana watoto shuleni na pengine mzazi mgonjwa kijijini. Akichukua asilimia 20 akalipa karo, hakuzitupa fedha zile. Amezihamishia kwa mtoto. Kwake, mtoto ndiye mfuko wa pili wa pensheni.

Hapo ndipo ninapoona tatizo la maadili. Je, ni haki mtoto awe pensheni ya mzazi wake? Wengi watajibu kwamba huo ndio utu wetu, na kumtunza mzee ni wajibu. Nakubali. Katika insha yake ya mwaka 1962 kuhusu Ujamaa, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mzee wa kale aliyeonekana kupumzika bila kazi alikuwa amefanya kazi kwa bidii ujanani. Lakini tukumbuke kwamba mzee yule alitunzwa na jamii nzima. Leo mzigo huo anabebeshwa kijana mmoja aliyepata ajira. Anawatunza wazazi na kuwasomesha wadogo zake, kwa hiyo hawezi kujiwekea akiba, na kesho atamtegemea mtoto wake vilevile. Msaada uliopaswa kutoka katika upendo unakuwa deni la kurithishana.

Kwa hiyo nani alaumiwe? Washauri wa fedha hutuambia tujiwekee akiba zaidi ya ile ya lazima. Ushauri huo unamfaa mwenye ziada. Kumwambia askari wa kampuni ya ulinzi, ambaye mshahara wake unaisha kabla ya tarehe 20, ajinyime zaidi, ni kuitoa njaa uzeeni na kuileta ujanani. Mchango ni kipande cha mshahara, na mshahara usiotosha leo hauwezi kuzaa uzee unaotosha kesho. Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa mwaka 1984 kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Asilimia 15 ya kiasi hicho ni shilingi 900.

Na kuna wasiokuwa na mwajiri kabisa: mkulima, mchuuzi wa sokoni, mwendesha boda boda. Ruzuku ya wazee ya serikali ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na ilipoenezwa nchi nzima ilitolewa kwa waliofikisha miaka 80. Ni kiasi kilekile anachokatwa mwalimu wetu kila mwezi. Mama aliyelima miaka 50 na kulisha mji naye alifanya kazi ujanani, ingawa hakuwahi kupewa hati ya mshahara.

Jibu langu basi ni kwamba akiba ya kazini haitoshi kwa wengi wetu, wala haiwezi kutosha peke yake. Sisemi ifutwe. Haba na haba hujaza kibaba, na bila sheria wengi wangestaafu mikono mitupu. Lakini mwajiri anayekata asilimia 5 ya mfanyakazi na asiipeleke kwenye mfuko ni mwizi kama wezi wengine, na serikali inayoacha kima cha mshahara cha mwaka 1984 kisimame haina haki ya kumlaumu mzee kwamba hakujiandaa. Sisi tunaokaribia kuhitimu tutaulizana mengi kuhusu mshahara wa kwanza. Tuulize pia kama mchango unapelekwa, na tuwaulize viongozi wetu juu ya wale wasiokuwa na mtu wa kuwapelekea.