Wajibu wa Mbunifu

Kubuni chombo ni kuamua mapema jinsi mikono ya watu wengine itakavyofanya kazi. Fundi asiyeupima vema mpini wa jembe humpinda mgongo mtu asiyemjua. Aupimaye humpunguzia uchovu mtu ambaye hatamshukuru. Kwa hiyo ubunifu si kazi ya akili peke yake. Ni kazi ya haki pia.

Mfano wake uko jikoni. Kwa miaka mingi watu waliopikia makaa katika miji ya Kenya, kama Kitale na Bungoma, walitumia jiko la bati tupu. Joto lilipenya batini likapotea hewani, na makaa yakaisha upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu na mafundi wa Kenya walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo uliochomwa ndani yake, wakaligeuza lifae mapishi ya hapa. Kiuno kilifanywa chembamba na kitako kipana, na udongo ukawekwa nusu ya juu tu. Kitako hicho si pambo. Asongaye ugali wa mahindi, kama unavyosongwa Lugulu, husukuma sufuria kwa nguvu. Jiko lisilosimama imara humwaga chakula na huweza kumwunguza mtoto aliye karibu.

Katika kasoro ya namna hiyo umo udhalimu uliofichika. Jiko likipinduka, mpishi huitwa mzembe, na pengine mwenyewe husadiki. Mbunifu yuko mbali, wala lawama haimfikii.

Labda mtu atasema: mnunuzi ana macho, asiyependa chombo na asikinunue. Hoja hii haina nguvu. Mara nyingi anunuaye siye apikaye, na ufa haujionyeshi sokoni. Hujionyesha mwezi wa pili, fedha zikiwa zimekwisha kutolewa. Mwingine atasema kuwa chombo bora ni ghali. Hilo ni kweli, na hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo. Jiko bora lisilonunulika halimfai maskini. Jiko rahisi lisilodumu humlipisha mara mbili. Mbunifu mwadilifu hutafuta njia baina ya hayo mawili. Jiko tulilolitaja liliweza kufuliwa kwa nyundo na mafundi wa jua kali, tena kwa bati kuukuu, na kwa hiyo likawafikia wengi.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi kijana wa Lugulu atamaniye kazi hii asianze kwa kalamu na karatasi. Na aanze kwa kutazama nani huinama, nani hubeba, nani huungua. Kisha aulize, na asikilize jibu lisilompendeza. Sifa ya mbunifu haimo katika uzuri wa mchoro wake, bali katika wepesi wa mzigo wa mtu ambaye hatamwona kamwe.