Je, Upungufu Waweza Kuwa Sifa?

Watu wengi hupima wema wa kitu kwa wingi wa kilichomo ndani yake. Asali husifiwa kwa utamu, kahawa kwa ukali, kitambaa kwa kukolea rangi. Kwa kipimo hicho divai nyekundu ya Burgundy, katika mashariki ya Ufaransa, ingestahili kuwekwa nyuma ya divai nyingi za dunia. Rangi yake si nzito. Mtu akiinua bilauri mbele ya dirisha aghalabu huviona vidole vyake upande wa pili. Ukakasi wake ni mdogo, kileo chake kwa desturi ni cha wastani, na uchachu wake hauondoki ulimini upesi. Walakini divai hii ilitungiwa amri na watawala, na leo chupa zake nyingine huuzwa kwa bei ambayo mtu mwenye akili timamu huona haya kuitaja. Palipo na upungufu wa namna hii, pamoja na sifa ya namna hii, pana swali, nalo laweza kuulizwa hata na mtu ambaye hajaonja divai maishani mwake wala hana nia ya kuionja.

Kwanza yafaa ijulikane upungufu huo hutoka wapi. Mzabibu wa divai hiyo huitwa Pinot Noir. Ganda la zabibu zake ni jembamba, na kwa kuwa rangi na ukakasi wa divai nyekundu hutoka katika ganda, penye ganda jembamba hapatarajiwi divai nzito. Tena mzabibu huu huchipua mapema na kuiva mapema. Ukipandwa katika nchi ya joto kali, sukari hujaa katika tunda kabla harufu zake hazijakomaa, na divai yake huwa nzito na butu, mfano wa matunda yaliyopikwa kupita kiasi. Burgundy iko karibu na nyuzi 47 kaskazini ya ikweta. Huko, katika miteremko ya mawe ya chokaa inayoelekea mawio ya jua, kiangazi hutosha kuziivisha zabibu, lakini hakibakizi ziada. Usiku wa Septemba ni wa baridi, na baridi hiyo huuhifadhi uchachu katika tunda. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro hahitaji kufafanuliwa jambo hili, maana anaijua buni iivayo polepole katika ubaridi wa juu mlimani.

Kitokacho katika tunda hilo ni harufu ya cheri na ya matunda mekundu ya porini, pengine ya waridi. Na divai ikikaa miaka chupani, huja harufu ya uyoga, ya majani makavu, na ya ardhi iliyonyeshewa. Kinywani haikai kwa uzito. Hupita, na baada ya kumezwa hurudi. Mtu aliyezoea divai za nguvu huidharau katika bilauri ya kwanza, na wako wanaoendelea kuidharau mpaka mwisho wa chupa. Hao nao wasihukumiwe kuwa hawana ladha.

Yaweza kudaiwa kwamba divai hii hupendwa kwa uchache wake tu. Mwezi wa Oktoba 2018 chupa moja ya Romanée-Conti ya mwaka 1945 iliuzwa mnadani New York kwa dola 558,000. Shamba lake halifiki hektari mbili, na mwaka ule zilipatikana chupa kama 600 tu. Hapana shaka bei hiyo haikuwa bei ya ladha, kwa sababu ulimi wa binadamu hauna uwezo wa kuonja dola nusu milioni. Lakini uchache hauelezi yote. Watawa wa Cîteaux, ambao nyumba yao ilianzishwa mwaka 1098, hawakuwa na minada. Walilima, wakajenga ukuta kulizunguka shamba la Clos de Vougeot, lenye hektari kama 50, na katika karne zilizofuata wakulima wa miteremko ile walijifunza kutofautisha kipande na kipande, ijapokuwa mzabibu ni ule ule na kinachotenga ni njia ya mkokoteni. Mipaka ya vipande hivyo imeingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2015.

Hapa ndipo jibu la kwanza lilipo. Divai nzito huzifunika tofauti hizo kwa utamu wa tunda, kwa nguvu ya kileo na kwa harufu ya mbao za pipa. Divai nyembamba haina cha kufunikia. Ni kama melimeli, ambayo huonyesha umbo la aliyeivaa. Basi wembamba wenyewe si sifa. Sifa ni kile kionekanacho kwa kupitia wembamba, na pasipokuwa na kitu cha kuonekana, wembamba ni upungufu na hauna jina jingine. Msemaji mkweli ni lazima akiri kwamba baridi imefanya divai mbaya nyingi kuliko nzuri, na kwamba katika miaka ya mvua na ukungu mapipa mengi ya Burgundy yalijaa maji machungu yenye rangi.

Mwaka 1395 Philippe, Mtawala wa Burgundy aliyeitwa Shujaa, alitoa amri kwamba mizabibu ya aina ya Gamay ing'olewe katika nchi yake. Aliushitaki mmea huo kuwa ni mbaya na kwamba hauna uaminifu. Shitaka hilo ni la ajabu, kwa sababu mmea hauweki ahadi ili uivunje. Kosa la Gamay lilikuwa kuzaa sana. Huiva mapema kuliko Pinot, huvumilia zaidi, na humpa mkulima mavuno mengi kwa jasho lile lile. Kwa mtawala, ambaye divai ilikuwa heshima yake mbele ya wageni, wingi huo ulikuwa aibu. Kwa mtu wa jembe ulikuwa mkate. Wanaoisifu amri ile leo, kwa kuwa iliokoa divai bora, husema kweli. Lakini aghalabu hawasemi ni nani aliyelipa gharama ya ubora huo. Mzabibu uliofukuzwa ulistawi kusini, katika ardhi ya Beaujolais, na divai yake haimkoseshi mtu usingizi kwa bei.

Swali la uaminifu lilirudi kwa sura nyingine. Katika miaka ya baridi zabibu hazipati sukari ya kutosha, na divai hukosa nguvu ya kusimama. Mwaka 1801 mkemia Jean-Antoine Chaptal, aliyekuwa waziri wa Napoleon, alitoa kitabu kilichoshauri sukari itiwe katika maji ya zabibu kabla hayajachacha. Sukari hiyo huliwa na hamira ikageuka kileo, hivyo divai haiwi tamu, bali huwa na mwili zaidi. Sheria ya Ufaransa huruhusu jambo hilo Burgundy kwa kipimo. Je, ni udanganyifu? Watetezi husema ni kama chumvi katika mchuzi, na hakuna mpishi aliyeitwa mwongo kwa chumvi. Mfano huo ni mzuri, ila haujatosha. Mchuzi haudai kusimulia habari za mteremko mmoja na za mwaka mmoja. Divai ya Burgundy hudai hivyo, na huuzwa kwa dai hilo, na sukari ya kiazi haikuota katika mteremko ule. Kwa upande wa pili, mtu anayemshika mgonjwa mkono ili asimame hasemi uwongo juu ya afya yake. Sukari inayoisaidia divai dhaifu isimame ni mkono wa namna hiyo. Sukari inayoivisha divai ya baridi vazi la divai ya jua ni uwongo. Baina ya hizo mbili ipo nia, na nia haionjeki. Anayeijua ni mwenye ghala peke yake.

Siku hizi wenye ghala wengi hawahitaji kuwaza sana juu ya sukari. Tarehe za mavuno ya Beaune zimekusanywa tangu mwaka 1354 hadi 2018, na utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba tangu 1988 zabibu huvunwa, kwa wastani, siku 13 mapema kuliko zamani. Katika joto la mwaka 2003 wavunaji waliingia mashambani mwezi wa Agosti. Divai imeanza kunenepa, na wapenzi wa ile nyembamba wanaomboleza.

Maombolezo hayo yafaa yapimwe. Mnywaji aliye mbali husikitikia baridi. Lakini baridi hiyo ilimwozeshea babu wa mkulima zabibu zake, na deni lake halikuandikwa katika kibandiko cha chupa. Kusifu ladha iliyotokana na dhiki ya mwingine, na kutaka dhiki irudi ili ladha irudi, ni jambo ambalo mtu asingelisema mbele ya yule aliyedhikika. Wala si kweli kwamba joto limemletea mkulima raha tupu. Mizabibu huchipua mapema zaidi, na jalidi bado huja Aprili. Liliunguza machipukizi mwaka 2016, na tena 2021, hata wakulima wakakesha wakiwasha mioto midogo kati ya mistari ya mizabibu ili kuifukuza baridi ile ile inayoombolezwa mezani.

Lakini mabadiliko haya yamefunua jambo ambalo karne za baridi zililificha. Mkulima wa zamani hakuchagua wembamba. Hali ya hewa ilimchagulia, na kusifiwa kwa kiasi ni vigumu kwa mtu ambaye hakupata cha kuzidisha. Mkulima wa leo anacho. Anaweza kuziacha zabibu wiki moja zaidi, apate rangi, nguvu, na pengine wanunuzi wapya. Baadhi yao hukataa. Huvuna mapema, au hupanda katika vilima vya juu ambavyo zamani vilidharauliwa kwa baridi yake. Mwisho wa Agosti mtu wa namna hiyo hupita shambani asubuhi, hutia zabibu kinywani, hutafuna ganda, kisha huvunja mbegu kwa meno ili ajue kama imekauka. Jua lingali kali, sukari yaongezeka kila siku, na jirani yake bado hajaanza kuvuna.