Bunduki ya Mwindaji, Upinde wa Jangili

Mwaka jana, hapa Texas ninakoishi, nilinunua bunduki kuukuu ya kuwindia: Mannlicher-Schönauer, modeli ya 1903, iliyotengenezwa Steyr, Austria. Niseme ukweli, ni nzuri. Ukivuta komeo lake linateleza kama limepakwa samli. Kitako kimelainishwa na mashavu ya watu nisiowajua.

Usiku ule sikulala. Walter Bell, yule Mzungu aliyebandikwa jina la Karamojo, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki za risasi nyembamba kama hii. Vitabuni anaitwa mwindaji. Babu yangu, wa jamii ya Waata kule Tsavo, aliwinda kwa upinde na mshale wa sumu. Miaka ya 1950 akafungwa. Yeye aliitwa jangili.

Ndovu alikufa kotekote. Sasa nani aliyeandika sheria, na kalamu ilikuwa mkononi mwa nani?

Rafiki yangu akaniambia, basi iuze bwana. Nikakataa. Nikiiuza nitabaki na mikono safi, lakini babu hatakuwa amefunguliwa. Na fundi aliyeichonga alijua kazi yake. Nikisema ni mbaya nitakuwa mwongo. Kuipenda naipenda. Ninachokataa ni kuipenda huku nimesahau.

Nimeitundika ukutani, bila risasi. Kando yake nimeacha nafasi ya upinde wa babu, waliouchukua wasiurudishe.