Uzito Usioandikwa Daftarini

Ndugu msomaji, je, tunawiwa na kitu kilichotubeba bila kutudai? Swali hili ni la zamani hapa Tabora. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo alibeba kiasi cha frasila mbili, karibu kilo 32. Ujira wake ulihesabiwa, mara nyingi kwa nguo. Uvumilivu wake, ambao bila huo msafara ungesambaratika porini, haukuandikwa popote.

Gridi ya umeme nayo ina mpagazi wake. Mitambo ya maji, kama ile tisa ya bwawa la Nyerere kule Rufiji, ina vyuma vizito vinavyozunguka sambamba ili umeme ubaki kwenye mizunguko 50 kwa sekunde. Mtambo mmoja ukizimika ghafla, mingine haipungui mwendo papo hapo, kama vile garimoshi lenye shehena lisivyosimama mara tu breki zinapofungwa. Mwendo huo huziba pengo kwa sekunde chache, mpaka maji yaongezwe. Wanafizikia huuita uzito huu inesha. Paneli za jua hazina chuma kinachozunguka. Vinu vya upepo huzunguka, lakini vingi vya kisasa hupitishia umeme wake kwenye vifaa vya elektroniki, na uzito wake hausaidii gridi wenyewe kwa wenyewe.

Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani. Kampuni ya umeme ilitaja kupotea kwa umeme wa upepo wa Turkana. Wenye vinu wakajibu kwamba hitilafu ya gridi ndiyo iliyowalazimisha kuzima. Sikusudii kuwaamua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini pasipo vipimo, mgeni huwa mtuhumiwa wa kwanza, na mwenyeji husifiwa kwa kazi ambayo hakuna aliyeipima.

Kupima kunawezekana. Wahandisi hutazama jinsi mizunguko inavyoshuka mtambo unapozimika, wakakadiria inesha iliyopo. Uingereza ilitoa mikataba ya kulipia huduma hiyo mwaka 2020. Nasi hapa, mradi wa jua wa Kishapu, Shinyanga, uko jirani yetu. Tuupokee kwa furaha, huku tukipima kinachopungua.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, tunawiwa. Na malipo ya kwanza ya deni la namna hii ni kuliandika.