Mhakiki Anadhamini Nini?

Mtu anayeidhinisha msimbo ambao hakuutunga, je, anawajibika kwa yaliyomo? Mimi, mzaliwa wa Jinja ninayesoma Mbale, hukutana na swali hili kila ninapohakiki kazi ya wenzangu katika kompaila yetu ndogo ya darasani.

Swali huwa gumu zaidi panapoombwa kujumuisha faili. Mstari wa kujumuisha ni mmoja tu, lakini kompaila ikiufikia huifungua faili iliyotajwa na kuyaingiza maandishi yake yote mahali pale. Faili hiyo nayo yaweza kuita nyingine. Tena, mwenye faili akiibadilisha kesho, mstari niliouidhinisha hautabadilika hata herufi moja, ilhali programu imekwisha kuwa nyingine.

Wapo wasemao kwamba mhakiki ameulizwa mstari, basi ajibu mstari. Ubaya wa faili ni wa mtunzi wake. Hoja hii ina uzito, kwani hakuna awezaye kusoma kila kitu. Mnunuzi wa kahawa ya Mlima Elgon hamwagi gunia zima. Huchoma bambo akatazama punje chache. Lakini akitangaza kuwa amelichambua gunia lote, amesema uongo.

Mwaka 1984 Ken Thompson alionyesha kwamba kompaila yenyewe inaweza kupandikiza mlango wa siri katika programu ambayo msimbo wake ni safi. Mwaka 2024 mlango wa namna hiyo ulikutwa katika xz, umefichwa ndani ya faili za majaribio na mtu aliyekwisha kuaminiwa katika mradi. Andres Freund aliugundua baada ya kushuku ucheleweshaji wa takriban nusu sekunde. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi wajibu wa mhakiki hauwezi kuwa kujua yote, kwa maana lisilowezekana halimfungi mtu. Wajibu wake ni kusema kweli juu ya mpaka wa alichokiona: faili imetoka wapi, nani anaweza kuibadilisha, sehemu gani imesomwa na ipi haikusomwa. Anayeandika "nimekubali" bila kutaja mpaka huo huwafanya wengine waache kuangalia, wakidhani wameshaangaliwa.

Naiona idhini kuwa ni ushahidi. Shahidi halaumiwi kwa kutoona yote. Hulaumiwa kwa kuapa kwamba aliona asichokiona.